Haijawahi Kufunguliwa

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wakati watu wenye shughuli zao wanazihangaikia, wanaume watatu walikutana uani kwa Sikio kubishana kuhusu magari. Hakuna aliyewaomba maoni yao, na hilo halikuwahi kuwazuia.

Wa kwanza ni Turbo, muuza simu, mwenye kigari chekundu alichokifungia turbo iliyotengenezwa kwa ajili ya gari kubwa mara mbili yake. Kigari hicho kilikimbia kama kimeiba, kisha kikalala gereji siku kumi. Wa pili ni daktari wa meno, ambaye gari lake lilikuwa na vifaa vya umeme vingi kuliko kliniki yake. Wiki ikipita bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi, alianza kuwa na wasiwasi kwamba taa zenyewe zimeungua. Wa tatu ni Mwalimu, mstaafu wa somo la hesabu, na gari lake jeupe la milango minne lenye umri wa miaka ishirini na sita.

Sikio mwenyewe alikuwa fundi, mwenye uwanja, mwenye benchi walilokalia na mwenye chai waliyokunywa. Jina hilo alilipata kazini. Gari likiletwa, hakuuliza lina nini. Alichukua bisibisi yake ndefu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Hapo uwanja mzima ulinyamaza, hata Turbo, ambaye hakujua kunyamaza msibani. Kisha Sikio aliinua kichwa akataja ugonjwa, au alisema neno moja tu, "Safi," na mwenye gari akaondoka kifua mbele. Watu walisema katika miaka ishirini hajakosea hata mara moja. Na Mwalimu, mbali na kuwa mteja, alikuwa shemeji yake: alimwoa dada yake mkubwa, yule aliyemlea Sikio tangu mama yao alipofariki.

Ubishi wao ulikuwa ule ule, kama redio iliyokwama kwenye stesheni moja.

"Gari ni nguvu," Turbo alisema. "Mengine yote ni fanicha. Mzee wangu, hilo lako halijafa kwa sababu halijawahi kuishi. Kilomita themanini kwa saa, vioo juu, redio imezimwa. Hata mimi ukinitunza hivyo natimiza miaka mia mbili."

"Uimara ni gari kukwambia linaumwa kabla halijakuangusha," Daktari alisema.

"Lako linakwambia kila siku," Turbo alimjibu. "Hilo haliumwi, lina maneno."

Mwalimu aliwaacha wachoke. Kisha alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akasema sentensi aliyokuwa akiisema kwa miaka yote ile, polepole, kama anaiandika ubaoni: "Injini hii haijawahi kufunguliwa." Ubishi ukaishia hapo. Kwa watu wale hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo. Gari linaweza kupakwa rangi upya, viti vikashonwa, magurudumu yakabadilishwa, lakini injini ambayo mkono wa fundi haujaingia ndani yake tangu itoke kiwandani ni kitu cha kuvuliwa kofia.

Na hakuwa anategemea maneno matupu. Wiki aliyolinunua, gari likiwa na kilomita kumi na moja tu, Mwalimu alichukua brashi ndogo akapiga alama ya rangi juu ya kila bolti ya injini, alama inayoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Bolti ikizungushwa hata kidogo, alama inakatika. Rangi aliichanganya mwenyewe, ya krimu na tone la kijani, ili asitokee mjanja wa kuinunua dukani. Kopo lilikaa kabatini kwake, na kabati lilikuwa na ufunguo.

Sasa gari lilikuwa linakaribia kilomita nusu milioni. Mwalimu alikwisha piga hesabu. Kutoka uwanja wa Sikio hadi darajani, chini kabisa ya mteremko mkuu, ni kilomita hamsini na mbili. Jumamosi hiyo wangeondoka geji ikisoma laki nne, tisini na tisa elfu, mia tisa arobaini na nane. Namba zingegeuka palepale darajani. Angekuwa na mke wake kiti cha pembeni na mjukuu wake wa miaka saba kiti cha nyuma, na wenzake wangemfuata kwa msafara na kupiga picha. Keki iliagizwa, na juu yake paliandikwa neno HAIJAFUNGULIWA kwa sukari ya bluu.

Injini ilikuwa imefunguliwa. Sikio alijua, kwa sababu ni yeye aliyeifungua.

Ilikuwa miaka minne nyuma. Mwalimu alisafiri wiki mbili kwenda kusahihisha mitihani, na Dada alichukua gari bila ruhusa kwenda kumwona jirani aliyelazwa hospitali. Njiani alipanda jiwe. Oili ikamwagika barabarani nyuma yake, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye umbo la birika. Dada alidhani gari linataka maji, akajisemea litakunywa likifika nyumbani. Akaliendesha hivyo kilomita sita.

Alikuja uwanjani na macho yamevimba. "Ataninyamazia," alisema, na Sikio hakuhitaji kuelezwa. Mwalimu hakuwa mtu wa ngumi wala matusi. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Kaka yake, tumbo moja, aliwahi kumwuzia kichujio cha oili cha bandia, na kwa miaka kumi na moja sasa walikuwa wakipishana misibani kama watu wasiojuana. Dada angekula na ukimya huo mezani na kulala nao kitandani.

Basi Sikio aliingia chini ya gari, akafungua sampu, lile beseni la oili lililo chini ya injini, akakuta alichokihofia. Kwenye silinda ya tatu, beringi ya mkono wa pistoni, ule unaoipandisha na kuishusha, ilikuwa imeungua ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Beringi mpya alipata. Bolti mpya za kuushika mkono ule hakupata. Bolti hizo hukazwa mara moja tu. Zikikazwa hunyooka kidogo, na ukizifungua unazitupa, kwa sababu haziwi tena zile zile. Za kuagiza zingechukua wiki tatu na Mwalimu alikuwa anarudi Alhamisi. Sikio alizitazama za zamani kwenye mwanga, akazifuta, akazirudisha. Sampu aliiziba kwa gundi nyekundu iliyokuwapo, akapangusa iliyotokeza nje. Dada alileta kopo la rangi limefungwa ndani ya kanga. Sikio alipiga alama upya, moja moja, kwa brashi aliyoipunguza nywele hadi zikabaki chache, na alipomaliza hata yeye hakuweza kuona palipokatika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Miaka minne bolti zilishika. Mwalimu aliendesha mwisho wa wiki na sikukuu tu, na Sikio akaanza kusahau. Halafu, Jumamosi iliyotangulia hii ya safari, aliweka bisibisi kama kawaida, na Mwalimu alipoachia mafuta ghafla, kilisikika kitu. Tik. Chini, katikati, kidogo kuliko kucha ikigusa glasi.

Alisema "Safi." Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea na kwa woga, na aliona haya tangu saa hiyo.

Jumatatu alimpigia simu shemeji yake akamwomba aiangalie sampu kidogo tu, kwa usalama. "Baada ya nusu milioni utaifungua hata ukitaka kuipika," Mwalimu alijibu kwa furaha. Jumanne alimpelekea oili nzito zaidi. Mwalimu aliikataa, kwa kuwa haikuwa namba iliyoandikwa kitabuni. Jumatano alikwenda nyumbani kwao saa ambayo alijua Mwalimu yuko maktaba, akamkuta Dada anakunja nguo.

"Dada, tumwambie."

"Tutamwambia. Ipite kwanza Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mlima si shida, mlima injini inasukuma. Kwenye mteremko inavutwa. Shemeji hashuki kwa breki, anashuka kwa gia, na gia ndiyo inayozivuta zile bolti. Zikikatika, ule mkono unatoka nje kupitia ubavu wa injini. Oili inamwagikia matairi. Unanielewa?"

Dada alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mdogo wangu, miaka minne nimekaa kiti cha pembeni nikimsikia anawaambia watu. Kila akisema, mimi naitikia kwa kichwa. Nianzie wapi?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ni fundi. Fanya kitu."

Akatafuta cha kufanya. Aliwaza kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, lakini Mwalimu alikuwa na fyuzi za akiba zilizopangwa kwa rangi ndani ya kikasha, na angeirudisha kabla chai haijapoa. Aliwaza kutia maji kwenye tangi, akakumbuka kwamba Mwalimu hulifunga kwa ufunguo. Gari lile lilikuwa limelindwa dhidi ya kila mtu isipokuwa mwenyewe. Ijumaa jioni Sikio alipiga moyo konde: angesema kweli mbele ya watu, liwalo na liwe.

Jumamosi ikafika kavu na yenye jua. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mwalimu alivaa suruali yake ya kijivu yenye mkunjo na tai, Dada gauni la maua, na mjukuu alikuwa ameshika karatasi aliyoandika namba tano na masifuri matano, kila sifuri lina macho na mdomo. Turbo alifunga utepe kwenye kioo cha pembeni. Daktari alikuja na kamera ya bei mbaya, yenye vitufe asivyovijua.

"Haya, shemeji," Mwalimu alisema, akaingia akawasha injini. "Neno lako, tuondoke."

Sikio alichukua bisibisi. Uwanja ukanyamaza. Alifumba macho, akainua mkono, na Mwalimu akakanyaga mafuta, akaachia. Tik. Akakanyaga, akaachia. Tik, tik. Wiki moja tu ilikuwa imepita na sasa sauti ile haikuhitaji kutafutwa. Alifumbua macho, na kupitia kioo cha mbele akakutana na macho ya Dada.

"Si safi," alisema. "Izime."

Turbo alicheka, akidhani ni mzaha wa siku. Mwalimu alizima, akashuka, bado anatabasamu. "Ina nini?"

"Silinda ya tatu, chini. Bolti za mkono wa pistoni zimechoka."

"Na umezionaje, bila kufungua?"

"Niliziona miaka minne iliyopita, shemeji. Nilipofungua."

Daktari aliishusha kamera. Tabasamu la Mwalimu lilibaki usoni muda mrefu kidogo kuliko lilivyotakiwa, kisha likaondoka, na badala yake ukaja uso aliokuwa nao darasani mwanafunzi anapodai jibu la kitabu limekosewa. Hakukasirika. Alikwenda kwenye buti, akaleta tochi, akatandika kipande cha boksi, akalala chali chini ya gari na suruali yake ya kijivu. Walimsikia anahesabu. Alihesabu bolti za sampu hadi kumi na nane. Akatoka, akafungua boneti, akahesabu za juu. Akakunja boksi vizuri akalirudisha kwenye buti.

"Zote ziko sawa," alisema. "Hakuna alama iliyokatika."

"Nilizipiga upya. Ni mkono wangu huo."

"Rangi hii naichanganya mimi. Haiuzwi."

"Najua. Ya krimu, na tone la kijani."

Hapo Mwalimu alisita. Sikio aliona anavyosita, akaomba kimoyomoyo asite zaidi. Daktari alikohoa. "Mwalimu, huyu hajawahi kukosea. Tuahirishe. Keki tutaila hapa hapa."

"Aahirishe kwa lipi?" Turbo alisema. "Alama si hizo? Jumamosi iliyopita mwenyewe alisema safi, nilikuwepo. Leo siku ya mzee ndiyo injini imeugua?"

Mwalimu alipiga hatua mbili hadi kwenye mlango wa pembeni, akainama dirishani. Alizungumza kwa upole. Hilo ndilo Sikio alilolikumbuka baadaye, upole ule. "Mama, ufunguo wa kabati tunao wawili tu, mimi na wewe. Kopo la rangi, ulimpa wewe?"

Dada alitazama mikono yake. Nje ya ukuta mtu alikuwa anapiga honi, akaacha. Sikio alisema moyoni, sema, Dada, neno moja tu, nitalibeba mimi lililobaki.

"Hapana," Dada alisema. "Huyu amechoka tu. Kazi zimemzidi."

Mwalimu alinyooka. Alimwekea Sikio mkono begani, na mkono wake ulikuwa na huruma, jambo lililomwumiza Sikio kuliko kama angepigwa kofi. "Pumzika wiki moja, shemeji. Sikio nalo ni kiungo, linachoka." Kisha akaenda kuufunga tena utepe uliolegea.

Kazi ya mikono ya Sikio ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yake. Laiti angekuwa fundi mbovu kidogo tu, angeacha alama moja imepinda.

Dada alifungua mlango, akashuka, akafungua wa nyuma. "Shuka, mjukuu wangu," alisema. "Utakwenda na Daktari."

"Bibi, mimi nataka kuona namba zikigeuka."

"Utaziona kwenye picha. Huku nyuma kuna joto. Shuka nikwambie." Alimshika mkono hadi kwenye gari la Daktari, akamfunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika. Alimpapasa nywele. Wakati wa kurudi alipita karibu na Sikio bila kumtazama. Alirudi kiti cha pembeni, kiti chake cha miaka yote, akafunga mkanda wake mwenyewe. Wengine waliona bibi anayedekeza mjukuu. Sikio alielewa yote.

Alikimbilia dirisha la dereva. "Shemeji, sawa. Labda nimekosea. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika kwenye mteremko tumia breki. Usishushe gia."

Hapo ndipo Mwalimu alipokasirika kweli. "Breki ni za kusimamia. Gia ndizo za kushukia. Nimewafundisha hilo watu wazima wawili na watoto wangu wote wanne, leo unanifundisha mimi kuunguza breki?" Aliitupa simu yake ndani ya kisanduku cha dashibodi ikiwa imezimwa, kama afanyavyo kila akiendesha, akawasha injini.

Msafara ulitoka. Mwalimu mbele, na Sikio akajipenyeza nyuma yake na pikapu yake ya kazi, akimkata Turbo aliyepiga honi kwa hasira. Daktari na mtoto walikuwa wa mwisho, mbali kidogo, kwa sababu taa fulani ilikuwa imewaka.

Kilomita thelathini za mwanzo ni tambarare, kisha barabara inapanda. Sikio alifungua kioo na kuendesha akiwa ametoa kichwa nje. Aliwasha taa, alipiga honi. Mwalimu alitoa mkono akampungia, akidhani ni shangwe. Alijaribu kumpita ili amzibe njia, lakini malori yalikuwa yanakuja moja baada ya jingine upande wa pili, na mstari katikati ya barabara ulikuwa mzima. Kupitia kioo cha nyuma cha gari jeupe aliona kichwa cha Dada, hakigeuki kushoto wala kulia. Bado ana nafasi ya kusema, Sikio alijiambia. Wako wawili tu humo ndani. Anaweza kusema sasa.

Kwenye kilomita ya thelathini na nane kuna bango lenye picha ya lori limeinama. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia hakuna kitu. Mwalimu alishusha gia, ya nne hadi ya tatu, ya tatu hadi ya pili, kila moja kwa wakati wake, bila mtikisiko. Injini ilipandisha sauti. Taa za breki hazikuwaka hata mara moja. Ulikuwa uendeshaji wa kuonyeshwa wanafunzi, na kila kona aliyoipita vizuri ilizidi kuzivuta zile bolti mbili. Sikio, kichwa nje, alisikia sasa bila bisibisi, bila kufumba macho. Tik, tik, tik, kisha sauti moja nzito, kisha hakusikia kitu.

Usoni kwake ulikuja unyevu wa moto wenye harufu anayoijua tangu ujana. Alifuta macho, mkono ukaja na oili. Mbele yake moshi wa bluu ulifunika gari jeupe, na ndani ya moshi zikawaka taa mbili nyekundu za breki, kwa mara ya kwanza siku ile. Hazikuzimika, na gari halikupunguza mwendo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwama, yanateleza juu ya oili ya gari lenyewe kuelekea kulia, kuelekea kule kusikokuwa na kitu. Mwalimu alifanya alichotakiwa kufanya dereva mzuri. Alizungusha usukani wote kushoto akachagua mwamba.

Upande wa kushoto ndiko alikokaa Dada.

Sikio alipofika, Mwalimu alikuwa ameshatoka. Mdomo ulikuwa unamvuja damu kidogo, miwani ilikuwa mahali pake. Alijaribu kuufungua mlango wa pembeni, ukuta ukamzuia. Wakasaidiana, yeye na Sikio na Turbo aliyefika akilia waziwazi, kumtoa Dada kupitia upande wa dereva, wakamlaza juu ya turubai la pikapu. Gauni la maua halikuwa hata limechanika.

Boneti ilikuwa imepinda ikainuka. Mwalimu aligeuka akatazama, labda kwa sababu hakuweza kutazama chini. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu linalotosha ngumi, na sampu ilikuwa imepasuka imeachama. Ukingoni mwake, kwa ndani, ulionekana mstari wa gundi.

"Nyekundu," Mwalimu alisema. "Kiwandani wanatumia ya kijivu."

Aliupapasa mstari ule kwa kidole.

"Bolti ulizorudisha ni zipi?"

"Zile zile, shemeji."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyomkubalia mwanafunzi aliyepata jibu. Kisha akapiga magoti kwenye lami, na suruali yake ya kijivu ikanyonya oili.

Daktari alikuja anashuka kwa miguu, amelificha gari lake na mtoto juu ya kona. Aliinama akaweka vidole shingoni mwa Dada, akaviondoa, akaviweka tena. "Siwezi kujua," alisema. "Mimi ni wa meno."

"Shemeji," Mwalimu alisema. "Sikiliza wewe."

Sikio aliinama, akaweka sikio lake juu ya kifua cha dada yake, akafumba macho. Turbo alikwenda kuzima kigari chake. Lori lililokuwa linapanda lilisimama, dereva naye akazima injini. Barabara nzima ikanyamaza kwa ajili yake, kama uwanja unavyonyamaza.

Hakusikia kitu. Alijua mapema, katika sekunde ya kwanza, kama anavyojua siku zote. Lakini hakuinua kichwa. Aliendelea kuinama pale, macho yamefumbwa, kwa sababu akiinuka itambidi aseme, na safari hii wote wangemwamini.